MKONGO UMEPITA, ENDASAK YANGOJA NINI?

Maendeleo ni ya namna mbili. Yapo yanayomfikia mwananchi, na yapo yanayompita njiani. Bomba la maji lisilo na tawi kijijini humpita. Nguzo kubwa za umeme zinazotoka mkoa hadi mkoa bila ya kuacha kijijini hata taa moja, nazo humpita. Leo twapenda kuongeza jambo la tatu katika orodha hiyo, nalo ni nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano ya intaneti. Mfano wetu ni Endasak, kata ya Wilaya ya Hanang katika Mkoa wa Manyara. Lakini ndugu msomaji wa Unguja, Pemba, Mafia au Ukerewe asifunge gazeti kwa kudhani kwamba habari hizi ni za watu wa bara peke yao. Shida ya Endasak ni shida ya kisiwa, ijapokuwa Endasak haina pwani.

Kata hiyo iko kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Babati kupitia Katesh. Ni nchi ya wakulima na wafugaji. Mahindi, mbaazi, alizeti na mifugo ndiyo riziki ya watu, na wilaya hiyo hiyo ndiyo yenye mashamba mapana ya ngano ya Basotu, yaliyopata sifa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Mwaka 2009 Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao uendeshaji wake ulikabidhiwa TTCL. Miji ya Singida, Babati na Arusha ilikuwa miongoni mwa iliyounganishwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo mawasiliano ya mabenki, ya maofisi na ya mikoa mizima husafiri katika ukanda ule ule ambamo Endasak imo. Hapo ndipo linapozaliwa swali la haki. Mfanyabiashara wa Endasak anayetaka njia pana ya intaneti, ya gigabiti 1 au hata 10 kwa sekunde, mbona haipati kwa urahisi, ilhali Mkongo u jirani yake?

KUPITA SI KUFIKA

Jibu la kwanza ni la kiufundi, na yafaa viongozi wetu walielewe ili wasiwaahidi wananchi lisilowezekana, wala wasiwanyime linalowezekana. Uzi wa kioo unakaribia unene wa unywele. Ndani yake hupita miale ya nuru isiyoonekana kwa macho, na katika mkongo mkubwa miale hiyo huwa mingi kwa wakati mmoja, kila mmoja na mzigo wake. Baada ya mwendo wa kilometa 80 hadi 100 hivi nuru hufifia, na huhitaji kituo cha kuikuza. Kuuchukua mzigo njiani si sawa na kutoboa bomba. Panahitajika kituo chenye mitambo ya kuitenganisha miale, umeme wa uhakika, betri za akiba, na fundi wa kukiangalia. Abiria aweza kuiona treni ya moja kwa moja ikipita kila siku asiweze kuipanda, kwa kuwa tu hapo alipo haikujengwa stesheni. Isitoshe, sehemu ya Mkongo imetumia nyuzi zilizofungwa katika njia kubwa za umeme za TANESCO, na uzi ulio juu ya nguzo za umeme mkubwa haukatwi katikati ya shamba ili kumridhisha mteja mmoja.

Jibu la pili ni la makaratasi. Tuseme kituo kipo. Bado ubaki mwendo wa mwisho, kutoka kituoni hadi mlangoni mwa mteja. Hifadhi ya barabara kuu iko chini ya TANROADS. Barabara za vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ardhi ya kijiji ina Halmashauri ya Kijiji, na nguzo za umeme zina mwenyewe. Hivyo mtaro mmoja wa kilometa chache waweza kudai idhini za mamlaka tatu au nne. Ni kosa kudhani kwamba gharama ya kazi hii iko katika kioo. Gharama iko katika mtaro, katika watu wa kuuchimba, na katika siku zinazopotea kungoja saini.

KIASI NA UHAKIKA

Sasa tumgeukie mfanyabiashara mwenyewe, maana naye ana wajibu wa kujua anachokitaka. Watu wengi huulizia kasi tu, kama mtu anunuaye farasi kwa kutazama miguu bila ya kutazama meno. Kasi ina maana kubwa, hatukatai. Anayetaka kusafirisha terabaiti 1 ya kumbukumbu, kwa mfano picha za mashamba zilizopigwa kutoka angani, atahitaji zaidi ya siku 9 usiku na mchana kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde. Kwa njia ya gigabiti 1 kazi hiyo hiyo huisha kwa muda wa saa 2 na robo hivi. Tofauti ya siku 9 na saa 2 ni tofauti ya biashara kuwepo na kutokuwepo.

Lakini kuna maswali manne ambayo ni mazito kuliko hilo la kasi. La kwanza: je, njia ni yangu peke yangu au naigawana na wengine? Mtindo unaotumiwa zaidi kufikisha nyuzi majumbani, uitwao GPON, hugawa kiasi cha gigabiti 2.5 za kupokea kwa wateja 32 au 64 walio katika tawi moja. Kwa nyumba za kuishi mtindo huo wafaa sana, kwa sababu si wote wanaotumia kwa dakika ile ile; kwa ofisi inayopeleka mizigo mikubwa kutwa nzima waweza kuwa msongamano. La pili: je, kasi ya kupeleka ni sawa na ya kupokea? Katika mtindo huo huo, upande wa kupeleka una nusu tu ya upande wa kupokea, na mzalishaji ni mtu wa kupeleka. La tatu: mkataba waahidi uhakika wa kiasi gani? Ahadi ya asilimia 99 hupendeza masikioni, kumbe yaruhusu zaidi ya siku 3 na nusu za kukatika kwa mwaka. Ahadi ya asilimia 99.9 yaruhusu kama saa 9 tu. La nne: uzi ukikatika, fundi atatoka wapi, na atafika baada ya saa ngapi? Kama vipuri viko Dar es Salaam, basi mteja wa Endasak ajue kwamba amenunua pia safari ya kutoka Dar es Salaam.

Tuseme kweli: si kila duka la Endasak linahitaji gigabiti. Ghala la mazao lahitaji njia ndogo isiyokatika kuliko njia pana inayokatika. Katika miaka ya karibuni mazao kama mbaazi yameingizwa katika mfumo wa stakabadhi za ghala, na kuuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnada hauwangoji walionyamaziwa na mtandao. Ghala likipotea hewani kwa saa moja siku ya mnada, anayeumia ni mkulima aliyepalilia kwa miezi. Na wakulima wa mbaazi wanajua uchungu wa habari kuchelewa. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei zilianguka huku, na wengi walipata habari hizo sokoni, magunia yakiwa tayari mgongoni.

SOMO LA VISIWANI

Hapa ndipo msomaji wa Unguja atakapojikuta. Zanzibar iliunganishwa na dunia kwa waya mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1879, enzi ya Sultani Barghash, waya wa telegrafu uliozamishwa baharini ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Waya huo ulikuwa wa dola na wa makampuni. Mchumaji karafuu wa Pemba hakuwa na tawi lake. Kwa hiyo visiwa vilijifunza zamani kwamba waya kufika bandarini si sawa na waya kufika kwa mwananchi.

Somo la pili lilikuja kwa njia ya umeme, nalo lilikuwa chungu zaidi. Tangu mwaka 1980 Unguja ilitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 huduma hiyo ilikatika, na kisiwa kizima kikakaa kama mwezi mmoja bila ya umeme. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza likadumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Wenye hoteli, wenye mabucha, wauza samaki, mahospitali na hata pampu za maji, wote walijua maana ya kuning'inia katika uzi mmoja. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Tangu hapo hakuna Mzanzibari anayehitaji kufundishwa kwamba njia moja, hata ikiwa pana namna gani, ni njia ya mashaka.

Mambo hayo hayo yaliipata nchi nzima katika intaneti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Tukajiona tuna miwili, basi tumesalimika. Februari 2024 SEACOM ilipata madhara katika Bahari ya Shamu. Halafu Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo yote miwili ikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma zilidorora nchini kwa siku kadhaa. Gigabiti za makaratasi hazikumsaidia mtu. Tulichojifunza ni kwamba njia mbili zinazopita mahali pamoja, kwa hesabu ya siku ya balaa, ni njia moja.

MATOPE YA HANANG

Watu wa Hanang walijifunza somo hilo kwa msiba. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilishusha matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, ambao kilele chake kina urefu wa mita 3,420. Mji wa Katesh na vijiji vya jirani vilipigwa, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, na barabara ikafunikwa na matope. Twawakumbuka marehemu kwa heshima. Twalitaja tukio hili kwa sababu moja tu: penye barabara iliyozama, mtaro uliochimbwa kando ya barabara hiyo nao huzama. Siku kama hiyo mawasiliano hayawi tena anasa ya mfanyabiashara. Huwa ndiyo sauti ya kuita madaktari, ya kuhesabu waliopotea, na ya kuelekeza magari ya msaada.

Kwa hiyo njia pana ya Endasak, ikijengwa, ijengwe kwa mzunguko. Upande mmoja uwe wa barabara kuu, kuelekea Babati na Katesh. Upande wa pili waweza kupanda Dareda kwenda Bashnet na Mbulu, hata ukatokea Karatu, ambako ni mbali na makorongo ya Mlima Hanang. Ipo pia njia ya angani. Njia mpya ya umeme mkubwa wa kilovolti 400 inayounganisha Tanzania na Kenya imepita Singida, Babati na Arusha. Na ni desturi ya njia za namna hiyo kubeba nyuzi za kioo katika waya wake wa juu kabisa. Matope hayapandi juu ya nguzo.

NANI ATALIPA?

Wako watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: kata yenye mahitaji ya maji, madawati na dawa, yawezaje kuzungumzia gigabiti? Twajibu kwamba hatusemi mtandao utangulie maji. Twasema kwamba mtaro unapochimbwa kwa ajili ya maji, bomba tupu la plastiki la kupitishia uzi liwekwe humo humo, maana kuuchimba mtaro ule mara ya pili ndio ubadhirifu. Barabara inapojengwa, iwe vivyo hivyo. Hii ni busara ya fundi cherehani, apimaye mara mbili akakata mara moja.

Kuhusu malipo, mteja mmoja wa Endasak hawezi kubeba gharama ya kituo peke yake, na kampuni haiwezi kulaumiwa kwa kuogopa hasara. Lakini wateja kumi wakijumuika, hesabu hubadilika. Shule ina haja yake, zahanati ina yake, ofisi ya kata ina yake. Chama cha ushirika cha mazao, wakala wa benki, mashine ya kusaga, mwenye duka la pembejeo na mwenye nyumba ya wageni, kila mmoja ana haja yake. Kila mmoja peke yake ni mteja mdogo. Wakiwa pamoja ni mteja mkubwa, anayeweza kununua kwa jumla na kugawana kwa rejareja. Twathubutu kusema kwamba biashara ya kwanza inayohitaji uzi mnene pale Endasak ni ile ya kuugawa uzi wenyewe. Taratibu za leseni za TCRA zimegawa soko katika ngazi ya kimataifa, ya taifa, ya mkoa na ya wilaya, hivyo mdogo naye ana mlango wake wa kuingilia.

Jambo hili si ndoto. Kaskazini mwa Uingereza, katika vijiji vya Lancashire ambavyo makampuni makubwa yaliviona havina faida, wananchi waliunda mwaka 2011 chama chao kiitwacho B4RN. Waliuza hisa wao kwa wao. Wakulima waliruhusu mitaro ipite mashambani mwao bila ya kudai malipo. Wanavijiji walichimba kwa mikono na kwa trekta zao. Matokeo yake, nyumba zilizodharauliwa zikapata gigabiti 1 ya kupeleka na ya kupokea, wakati miji mingi mikubwa haikuwa nayo. Karibu na hapa, Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma, kumekuwapo mtandao wa jamii uliohusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ukatumia masafa matupu ya televisheni kuzifikia shule. Wazee wetu walichimba mitaro ya maji kwa siku za msaragambo. Kuchimba mtaro wa uzi ni msaragambo ule ule kwa jembe lile lile.

WAJIBU WA VIONGOZI

Serikali imekwisha kufanya mengi, na si haki kuyanyamazia. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umesaidia kupeleka minara vijijini. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Mnara humwezesha mwananchi kuzungumza, kutuma fedha na kusoma habari, na hilo ni jambo kubwa. Ila mnara nao una kiu. Mnara usiolishwa na uzi wa kioo hugawa kidogo kilichopo kwa watu wote, na jioni kila mtu hupata tone. Kwa hiyo fedha za mfuko huo ziitazame pia mitaro ya nyuzi hadi makao ya kata, si nguzo za chuma peke yake.

Twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mkataba wa mkongo unaopita mkoani utaje kwa majina mahali patakapojengwa vituo vya kushushia, ili kata kama Endasak isibaki kuhesabu magari yanayopita. Pili, vibali vya kupitisha nyuzi vitolewe katika dirisha moja la halmashauri ya wilaya, na viwe na siku maalumu ya kujibiwa. Ofisa atakayekaa na faili aulizwe sababu. Tatu, ofisi za umma, shule na zahanati zitie sahihi mikataba ya pamoja ya miaka kadhaa, ziwe wateja wa kwanza, ili mwekezaji apate pa kuanzia. Nne, hakuna wilaya wala kisiwa kitakachohesabiwa kuwa kimeunganishwa mpaka kiwe na njia mbili zisizopita mahali pamoja.

Pendekezo hili la nne ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloifunga Endasak pamoja na Tumbatu, Kojani na Ukara. Takwimu zetu zina tabia ya kuhesabu kilometa za waya zilizolazwa. Kilometa ni hesabu ya mkandarasi. Hesabu ya mwananchi ni saa ngapi alikuwa hewani mwaka huu, ni senti ngapi alilipa, na ni nani aliyekuja uzi ulipokatika. Mkuu wa wilaya anayetaka kujua kama Mkongo umefika kwake asiitazame ramani ya ukutani. Aende ghalani siku ya mnada wa mbaazi, akae na mwenye ghala tangu asubuhi hadi jioni, aone mara ngapi mtandao umepotea.

Wahenga walisema kwamba penye miti hapana wajenzi. Manyara ina nyuzi zinazopita, ina watu wanaojua kuchimba, na ina vyama vya ushirika vinavyojua kununua kwa jumla. Kinachokosekana ni stesheni moja na mwenye kutia saini. Vyote viwili viko ndani ya uwezo wetu, na viongozi wanaohusika wanajijua.